Fimbo za chuma za gofu: namna ya kuchagua na kurekebisha kufuatana na kiwango chako

Mwendesha toleka wa Kisangani akinunua baiskeli ya okazyo, hata kabla ya kufuta vumbi, anashika spana na kupandisha ao kushusha kiti. Anajua kwamba baiskeli nzuri yenye kiti kibaya itamuumiza magoti kabla hajamaliza wiki. Mama wa shamba naye anajua: jembe la mpini mrefu kupita mwili wake linamuumiza mgongo, hata kama chuma chake ni kikali.

Mu gofu ni vilevile. Lakini mtu akipata seti ya fimbo za kuchezea, mara nyingi anaangalia jina lililoandikwa juu ya chuma, analipa, halafu anatumia miezi akijilaumu kwamba hajui kupiga. Kumbe fimbo yenyewe haikumfaa.

Kwetu Tshopo gofu si mchezo wa kila mtaa. Wengi tunaijua kwa televisheni. Lakini watu wa majimbo ya mashariki wanasafiri. Kuko ndugu zetu wanaoishi Lubumbashi, ambako mtaa mzima unaitwa Golf. Wengine wako Kampala, Kigali, Bujumbura ao Nairobi, miji yenye viwanja. Kuko vijana wanaopata kazi ya kubeba mifuko ya wachezaji, na ni kwa njia hiyo wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Uganda walianza. Na kuko seti za zamani zinazoletwa kama zawadi ao zinazouzwa kwa bei ndogo. Ukurasa huu ni kwa yule ambaye seti kama hiyo imemfikia mikononi, ao anayetaka kutoa franga zake na hataki kuzipoteza.

Sehemu za fimbo

Tukubaliane kwanza juu ya majina. Fimbo za chuma ni zile zenye kichwa chembamba cha chuma, zenye namba, kwa kawaida kuanzia 3 ao 4 mpaka 9, na baada ya hapo zile fupi zenye herufi P, A ao S. Sehemu inayogusa mpira tutaiita uso. Sehemu ya chini inayogusa udongo ni unyayo. Upande wa kichwa ulio karibu na wewe ni kisigino, na upande wa mbali ni ncha. Pale kichwa kinapoungana na mti wa fimbo ni shingo. Ule mti mrefu, wa chuma ao wa kaboni, ni mpini, na mpira wa kushikia ulio juu ni mshikio.

Kuko pembe mbili za kujua. Mwinamo ni vile uso umelala nyuma; ndio unaoinua mpira juu. Mlalo ni vile mpini unasimama kutoka udongoni kuja kwako. Ndio unaosaidia mpira uende moja kwa moja ao upotee pembeni.

Namba 7 ya mwenzako si namba 7 yako

Namba ikiwa ndogo, mwinamo ni mdogo, mpini ni mrefu, na mpira unaenda mbali na chini. Namba ikiwa kubwa, mwinamo ni mkubwa, mpini ni mfupi, na mpira unapanda sana na kusimama haraka. Hilo halina ugomvi.

Ugomvi ni kwamba viwanda havifuati kipimo kimoja. Seti nyingi za miaka ya 1980 zilikuwa na namba 7 yenye mwinamo wa digrii 36 hivi. Seti nyingi za siku hizi zilizotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza zina namba 7 ya digrii 28 ao 30. Mwinamo huo unakaribia ule wa namba 5 ya zamani! Kwa hiyo ukimuona mtu anajisifu kwamba namba 7 yake inafika mbali kuliko yako, muulize kwanza digrii. Inawezekana nguvu zenu ni sawa, ni chuma tu ambacho kimeandikwa namba nyingine.

Hilo lina matokeo ya kweli ukichanganya seti. Fimbo ya herufi P ya zamani ilikuwa na digrii 48 ao 50. Ya leo inaweza kuwa na 43 ao 44. Kama una P ya kisasa ya digrii 44 na fimbo ya mchanga ya digrii 56, katikati kuko shimo la digrii 12. Kutakuwa na umbali fulani ambao hauna fimbo ya kuupiga vizuri. Dawa yake ni kutafuta fimbo moja ya digrii 50 hivi. Kati ya fimbo mbili zinazofuatana, tofauti ya digrii 4 mpaka 6 inatosha.

Tena usilinganishe umbali wa mji mmoja na mwingine. Kisangani iko mita 400 hivi juu ya bahari. Lubumbashi na Kampala ziko karibu mita 1,200, na Nairobi karibu mita 1,700. Kule juu hewa ni nyepesi na mpira unaenda mbali zaidi. Aliyezoea Nairobi akicheza chini karibu na bahari atashangaa mipira yake inakuwa mifupi, na fimbo hazijaharibika.

Aina tatu za vichwa

Hapa ndipo kiwango chako kinaamua.

*Aina ya kwanza ni kichwa chembamba, mgongo wake umejaa kama wembe.* Uzito wote umekusanywa katikati. Ukipiga mpira katikati kabisa ya uso, mkono unasikia raha na mpira unatii. Ukikosa katikati kwa sentimeta moja tu, chuma kinazunguka mkononi, mpira unapoteza umbali na kwenda pembeni, na vidole vinasikia umeme. Hizi ni fimbo za watu wanaopiga katikati karibu kila mara.

*Aina ya pili ni kichwa chenye shimo ao bonde mgongoni.* Uzito umeondolewa katikati ukapelekwa kandokando na chini. Mtu aliyeeneza wazo hili ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Norwe aliyekuwa injinia Marekani, mwanzilishi wa kampuni ya Ping. Yeye mwenyewe alianza gofu akiwa mtu mzima na mipira ilimkatalia. Akafikiri kama injinia: uzito ukiwa mbali na katikati, kichwa hakizunguki haraka ukikosea. Fimbo zake za Ping Eye2, za mwaka 1982, bado unazikuta mu mifuko ya watu mpaka leo. Kwa mchezaji wa katikati, aina hii ndiyo inayofaa zaidi.

*Aina ya tatu ni kichwa kinene, unyayo mpana, bonde kubwa mgongoni ao tumbo lenye uwazi ndani.* Inasaidia mpira upande hata kama hukuupiga vizuri, na inasamehe makosa mengi. Watu wengine wanaona aibu kuibeba kwa sababu inaonekana nene. Lakini ndiyo fimbo ya anayeanza, na kuko wazee wenye miaka 30 ya mchezo wanaoitumia bila aibu yoyote.

Kanuni fupi: fimbo ya bingwa haikufanyi bingwa. Inakuonyesha tu makosa yako kwa ukali zaidi.

Uko kiwango gani kweli?

Mu viwanja vyenye chama, kiwango kinapimwa kwa hendikapu: idadi ya mapigo unayoongezewa ili ushindane sawa na aliye bora kuliko wewe. Tangu mwaka 2020 kuko mfumo mmoja wa dunia, na hendikapu ya juu kabisa ni 54. Anayeanza anaweza kuwa na 30 ao zaidi. Mchezaji wa katikati yuko kati ya 10 na 20. Aliye chini ya 10 ni mtu wa kuheshimiwa.

Kama huna hendikapu, fanya jaribio la poda. Chukua poda ya mtoto ao chaki iliyosagwa, paka kidogo juu ya uso wa namba 7, halafu piga mipira kumi. Kila mpira utaacha alama. Hesabu:

- Alama 8 ao zaidi ziko katikati, mahali pamoja padogo: unaweza kufikiria kichwa chembamba.
- Alama 4 mpaka 7 ziko katikati: chukua kichwa chenye bonde, aina ya pili.
- Chini ya 4: chukua aina ya tatu, na usimwambie mtu samahani.

Hiki si kipimo cha maabara, lakini kinasema ukweli kuliko maneno ya muuzaji. Irudie siku mbili tofauti, kwa sababu siku moja ya bahati inadanganya. Na ukifanya jaribio ndani ya lopango, hakikisha watoto wako mbali sana, nyuma na mbele. Kichwa cha chuma kinachozunguka kwa kasi kinaweza kuua.

Huhitaji seti nzima

Sheria za gofu zinaruhusu fimbo zisizozidi 14. Hazisemi popote kwamba lazima uwe nazo 14. Anayeanza anajifunza vizuri kwa fimbo tano: namba 7, namba 9, fimbo ya mchanga, ile fimbo bapa ya kusukumia mpira shimoni, na moja ya kupigia mbali. Kwa hiyo ya mbali, usichague chuma namba 3 ao 4. Hizo ni ngumu kuliko zote: mwinamo wake ni mdogo na zinataka kasi kubwa ili mpira upande. Badala yake tafuta haibridi, fimbo yenye kichwa kidogo cha mviringo, nusu chuma nusu ya kupigia mbali. Viwanda vingi siku hizi vimeacha kabisa kuweka chuma namba 3 mu seti za wanaojifunza.

Seve Ballesteros wa Uhispania alikua katika familia isiyo tajiri kijijini Pedreña. Fimbo yake ya utoto ilikuwa chuma namba 3, nzee, na alijifunzia ufukoni mwa bahari. Kwa ile fimbo moja alijifunza kupiga mbali, kupiga karibu, kuinua na kushusha. Mwaka 1978 alishinda mashindano ya Kenya Open pale Nairobi, na mwaka uliofuata akashinda The Open, shindano la zamani kuliko yote duniani. Hatusemi uanze na namba 3. Yeye alikuwa Seve. Tunasema mtu mwenye fimbo tatu anazozijua anamshinda mwenye 14 asizozijua.

Mpini: uzito na ugumu

Wengi hawaangalii mpini, lakini ndio unaobeba kila kitu. Mipini ya chuma mara nyingi ina uzito wa gramu 95 mpaka 130. Ya kaboni ina gramu 50 mpaka 80. Chuma kinampa mtu mwenye nguvu uhakika zaidi wa mahali mpira utaenda. Kaboni ni nyepesi, inasaidia mwenye kasi ndogo, na inapunguza mtetemo. Kama una maumivu ya kiwiko ao ya kifundo cha mkono, chagua kaboni.

Ugumu unaandikwa kwa herufi: L ni laini kabisa, A ao M inafuata, R ni ya kawaida, S ni ngumu, X ni ngumu sana. Namna rahisi ya kujua: angalia mpira wako wa namba 7 unaruka mita ngapi kabla ya kugusa udongo, kwa mapigo ya kawaida, si kwa lile moja la ajabu.

- Chini ya mita 110: A ao L.
- Mita 110 mpaka 140: R.
- Zaidi ya mita 140: S.

Mpini mgumu kupita nguvu zako unafanya mpira uende chini na, kwa anayetumia mkono wa kuume, upotee kuume. Mpini laini kupita kiasi unafanya mpira upande sana na upotee kushoto. Kumbuka tena kwamba herufi hizi hazina kipimo kimoja cha dunia: R ya kiwanda kimoja inaweza kuwa ngumu sawa na S ya kingine. Kwa hiyo piga kwanza, nunua baadaye.

Herufi L haina maana kwamba kila mwanamke lazima aitumie, wala A haina maana ya wazee peke yao. Mwanamke mwenye kasi achukue R. Kijana mwembamba asione haya kuchukua A.

Urefu: pima kutoka kifundo cha mkono

Usipime kwa urefu wa mwili peke yake. Watu wawili wa mita 1.75 wanaweza kuwa na mikono tofauti. Vaa viatu, simama wima, acha mikono ianguke bila kukaza, halafu mtu apime kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono mpaka chini. Kama unapata kati ya sentimeta 86 na 91 hivi, urefu wa kiwanda unakufaa. Hapo namba 7 ya mpini wa chuma ina sentimeta 94 hivi. Ukiwa chini ya hapo, fimbo ifupishwe nusu inchi, yaani sentimeta 1.3. Ukiwa juu ya hapo, irefushwe nusu inchi. Chati za viwanda zinatofautiana kidogo, kwa hiyo usikate chochote kabla ya kujaribu. Shika tu fimbo chini zaidi kwenye mshikio kwa wiki mbili. Kama alama za poda zinarudi katikati, basi kukata kutafaa.

Kukata kunafanyika upande wa mshikio, si upande wa kichwa. Mpini wa kaboni unafungwa utepe kwanza na kukatwa kwa msumeno wa meno madogo ili usipasuke nyuzi. Jua pia kwamba ukikata, kichwa kitasikika chepesi mkononi na mpini utakuwa mgumu kidogo. Kurefusha kunafanyika kwa kuingiza kipande ndani ya tundu la juu. Usipite inchi moja.

Neno kwa wazazi: kumkatia mtoto fimbo ya mtu mzima si msaada. Inakuwa fupi, lakini kichwa kinabaki kizito na mpini mgumu, na mtoto anajifunza kupiga kwa mgongo. Afadhali fimbo moja ya watoto kuliko saba zilizokatwa.

Mlalo: kosa ambalo unajilaumu bure

Haya ndiyo marekebisho yanayosaidia mingi na yanayojulikana kidogo. Kama fimbo inafika kwenye mpira ncha ikiwa juu na kisigino chini, mlalo umesimama sana: mpira wa mtu wa mkono wa kuume utaenda kushoto. Kama ncha iko chini na kisigino juu, mlalo umelala sana: mpira utaenda kuume. Digrii moja ya kosa inapeleka mpira wa namba 7 pembeni kwa mita 3 hivi. Digrii tatu ni karibu mita 10, na hapo uko nje ya nyasi za shimo.

Mtu asiyejua haya anaanza kubadilisha miguu, mabega, mikono, ili kulazimisha mpira urudi katikati. Anajifunza kosa moja ili kufunika kosa la chuma. Siku akipata fimbo nzuri, lile kosa linabaki mwilini.

Jaribio ni rahisi. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari mmoja juu ya mpira. Weka mpira ili mstari usimame wima, ukiangalia uso wa fimbo. Piga. Wino utahamia juu ya uso.

- Mstari umesimama wima: mlalo ni sawa.
- Sehemu ya juu ya mstari imeinama kuelekea ncha: mlalo umesimama sana, ulazwe.
- Sehemu ya juu imeinama kuelekea kisigino: mlalo umelala sana, usimamishwe.

Rudia mara tano ao sita kabla ya kuamua. Usiamue kwa kuweka fimbo chini na kuiangalia tu. Wakati wa kupiga mpini unajipinda kidogo, na picha inabadilika.

Kurekebisha ni kupinda shingo ya fimbo. Kuko mashine ya kazi hiyo, yenye jiriwa na kipimo cha digrii, mu maduka ya viwanja vikubwa. Usiipeleke kwa fundi wa kuchomelea vyuma aipige nyundo ao aipashe moto, hata akiwa fundi mzuri. Chuma kilichofuliwa ni laini na kinakubali digrii 2 bila shida. Chuma kilichomiminwa ni kigumu, kinakubali digrii 1 ao 2 na wakati mwingine kinavunjika. Vichwa vyenye uwazi ndani, vingi havikubali kabisa.

Urefu na mlalo vinakwenda pamoja. Ukirefusha fimbo kwa nusu inchi, ni sawa na kuusimamisha mlalo kwa digrii 1 hivi, ukifupisha, unalala. Kwa hiyo maliza urefu kwanza, mlalo baadaye.

Kama unakuta fimbo za Ping za okazyo, angalia nukta ya rangi karibu na shingo. Nyeusi ni mlalo wa kawaida. Nyekundu umelala. Buluu na kijani umesimama. Wengi wananunua bila kujua maana ya ile nukta.

Mshikio: marekebisho ya bei ndogo

Kama huna franga za jambo lingine lolote, badilisha mishikio. Mpira uliokauka na kuwa laini kama kioo unakulazimisha ukaze mikono, na mkono uliokazwa haupigi vizuri. Mu joto letu, na jasho, hilo linazidi.

Kipimo: shika fimbo kwa mkono wa juu (wa kushoto kwa anayetumia kuume). Kidole cha kati na kile kinachofuata viguse kidogo tu nyama ya kiganja. Vikichimba kiganja, mshikio ni mwembamba. Pakibaki nafasi, ni mnene.

Kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani. Kata mshikio wa zamani kwa kisu, ukisukuma kisu mbali na mwili. Toa utepe wa zamani. Zungushia utepe mpya wenye gundi pande mbili, mimina dawa ya kuyeyusha rangi ndani ya mshikio na juu ya utepe, ingiza haraka, nyoosha, acha siku moja. Petroli inafanya kazi ileile lakini ni hatari. Usiikaribishe mahali pa moto ao sigara. Ukitaka unene zaidi, ongeza duru ya utepe kabla ya kuingiza. Mishikio ya zamani ambayo haijapasuka, ioshe kwanza kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi. Mara nyingi inafufuka.

Udongo wa mvua unataka unyayo mpana

Kisangani mvua inanyesha karibu miezi yote. Kampala na Entebbe nako hakukosi tope. Juu ya udongo laini, unyayo mwembamba unazama kama panga. Fimbo inakwama na mpira haufiki popote. Unyayo mpana wenye tumbo linaloshuka kidogo unateleza juu ya udongo. Juu ya udongo mkavu na mgumu, kama wa Lubumbashi wakati wa kiangazi, ni kinyume: unyayo mpana unaruka, na mwembamba unafaa zaidi. Kabla ya kununua, fikiri utacheza wapi.

Unyevu unakula chuma pia. Chuma kilichofuliwa, rangi yake ya juu ikiisha, kinashika kutu. Kilichomiminwa, kwa kawaida ni chuma kisichoshika kutu, kinadumu zaidi kwetu. Kausha fimbo kila ukimaliza, na usizifungie ndani ya mfuko wenye maji.

Ukinunua za okazyo, kagua haya

Seti mpya ya kiwanda kikubwa inaweza kupita dola 1,000. Ndiyo maana wengi wetu tutanunua zilizokwisha tumika, na hakuna ubaya. Fimbo ya miaka 15 iliyotunzwa inapiga vizuri.

1. Zipange kwa namba. Kila fimbo iwe fupi kuliko inayoitangulia, hatua sawasawa. Ikiruka, moja imekatwa.
2. Angalia mipini kwa kuizungusha mbele ya jicho. Iliyopinda, iache. Ya kaboni, pitisha kitambaa: kikinasa, kuko ufa.
3. Shika kichwa na mpini, zungusha kidogo. Kikicheza ao kikilia ndani, gundi imekufa.
4. Mifereji ya usoni iwe na kina. Ukipitisha ukucha na hausikii kitu, fimbo za mchanga hasa hazitashika mpira.
5. Linganisha maandishi ya fimbo zote. Seti za bandia ni nyingi. Herufi zinatofautiana kutoka fimbo moja mpaka nyingine.
6. Uliza kama ni za mkono wa kuume ao wa kushoto. Watu wamekwisha kununua za upande usio wao.
7. Omba kupiga mipira mitatu. Muuzaji akikataa kabisa, nawe kataa.

Fuata mpangilio huu

Usirekebishe yote siku moja, kwa sababu hutajua ni nini kilichosaidia. Anza na kichwa kinachofaa kiwango chako. Halafu mishikio. Halafu mpini na urefu. Mwisho mlalo. Kati ya kila hatua, cheza wiki mbili na upige tena jaribio la poda. Kumbuka pia kwamba sheria hazikubali kubadilisha fimbo wakati mchezo unaendelea. Kazi hiyo ifanyike nyumbani.

Na kila mwaka rudia kupima. Mtu anayejifunza anabadilika: kasi inapanda, alama za poda zinasogea katikati, mkono unatulia. Siku alama nane kati ya kumi zitakapokaa pamoja, ndipo uangalie zile fimbo nyembamba za televisheni. Kabla ya siku hiyo, waachie wenyewe.